Idi niliyoila na seva

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Leo naandika jambo ambalo nimeliahirisha tangu Juni 2024, kwa sababu sehemu yake moja inanitia aibu na nilitaka aibu ipoe kwanza. Ni habari ya seva moja iliyo chini ya ngazi za duka la dawa hapa Nyali, na jinsi nilivyoigeuza kutoka CentOS 7 kuwa AlmaLinux 8 bila kuifuta.

Kwa wale wasiocheza na Linux, maelezo mafupi. Linux yenyewe ni kerneli tu, yaani kile kiini kinachozungumza na diski, memori na nyaya. Mtu akichukua kiini hicho akakizungushia programu, akaamua zisakinishwe vipi na zipate viraka kwa muda gani, amepata distro. Kila nyumba Mombasa inapika pilau na mchele ni ule ule, lakini ukila kwa jirani unajua hapa si kwetu. Ubuntu, Debian, Fedora, CentOS, zote ni pilau.

CentOS ilikuwa pilau ya bure ya watu wenye kazi za kudumu. Ilianza mwaka 2004. Kampuni ya Red Hat ilikuwa inauza distro yake kwa mashirika makubwa, na kwa kuwa programu zenyewe ni huria, watu wa CentOS walichukua msimbo ule ule, wakatoa nembo, wakaujenga upya na kuugawa bila malipo. Ukisakinisha mara moja unapata viraka vya usalama kwa miaka kumi. Kwa fundi wa mtaani kama mimi, anayelipwa mara moja kisha anapigiwa simu bure milele, miaka kumi ni neema.

Mwaka 2014 Red Hat ikauchukua mradi wa CentOS chini ya mbawa zake. Mwaka 2019 IBM ikaimaliza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo: CentOS 8, ambayo watu walitegemea ifike 2029, mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2021. Nakumbuka nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea mwaka. Gregory Kurtzer, mmoja wa walioanzisha CentOS, akatangaza palepale kwamba anaanza upya, na distro yake akaiita Rocky Linux kwa kumkumbuka mwenzake wa zamani, Rocky McGaugh, aliyekwisha kufariki. Kampuni ya CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka tarehe 30 Machi 2021. Alma ni roho kwa Kihispania.

Nilikuwa na mashine moja tu ya CentOS 8, ya kukodi, ughaibuni, yenye tovuti ya shule. Niliigeuza Desemba 2021 kwa skripti yao iitwayo almalinux-deploy. Kikombe cha chai hakikupoa. Skripti inabadilisha funguo na vyanzo vya pakeji, inavuta pakeji za Alma badala ya za CentOS, unawasha upya, umemaliza. Ni kama kubadilisha ubao wa jina mlangoni, kwa sababu ndani ya nyumba kila kitu kilikuwa kile kile. Nikavimba kichwa.

Seva ya duka la dawa ilikuwa CentOS 7, na yenyewe haikuguswa na tangazo lile. Mwisho wake ulibaki tarehe 30 Juni 2024. Nikasema, ah, 2024 ni mbali.

Hiyo seva niliiweka mwenyewe mwaka 2015. Ni kompyuta ya kawaida ya mnara, si kitu cha kutisha, imefichwa kwenye kabati chini ya ngazi na feni inayolia kama mbu. Ndani yake kuna programu ya stoku niliyoandika kwa PHP, databesi ya MariaDB, folda za pamoja za kompyuta nne za dukani, printa ya lebo, na kitu kimoja ambacho Mama mwenye duka anakijali kuliko vyote: madeni. Duka lile lina wateja wa presha na sukari ambao huchukua dawa za mwezi kisha hulipa mshahara ukiingia, au mtoto aliye Doha akituma. Nani amechukua nini, dozi gani, amelipa ngapi, amebakisha ngapi. Yote yamo humo. Mama huniambia, "Mwanangu, mashine hiyo ikizima, na mimi nimezima."

Sasa, swali ambalo mtu wa kompyuta ataniuliza: kwa nini usisakinishe upya? Nunua mashine nyingine, weka distro mpya, hamisha data, zima ya zamani. Na ni kweli, hilo ndilo jibu sahihi mara tisa katika kumi. Sisi wa Nyali tunalijua hata bila kompyuta. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa la kuelea, lilifunguliwa 1931, na watu walivuka juu yake kwenda kisiwani miaka karibu hamsini. Lilipochoka hakuna aliyejaribu kuling'oa pantoni moja moja huku magari yakipita. Walijenga la zege pembeni, likafunguliwa 1980, na magari yakahamia.

Sababu zangu za kutofanya hivyo zilikuwa mbili. Ya kwanza ni pesa, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni kwamba katika miaka tisa nilikuwa nimeingia kwenye seva ile mara nyingi usiku, nikarekebisha kitu hapa na kitu pale, na sikuandika popote. Printa ya lebo ilikuwa inafanya kazi na mimi mwenyewe sikumbuki kwa nini. Kuanza upya kungenilazimu kukumbuka. Basi nikaamua kuigeuza ikiwa na vyote ndani.

Kutoka 7 hadi 8 si kubadilisha ubao wa mlangoni. Kerneli inaruka kutoka 3.10 hadi 4.18, MariaDB kutoka 5.5 hadi 10.3, PHP kutoka 5.4 hadi 7.2. Watu wa AlmaLinux wana chombo kinachoitwa ELevate, kilichojengwa juu ya Leapp ya Red Hat. Kinakagua mashine, kinatoa ripoti ya vikwazo, na ukiviondoa kinashusha pakeji zote mpya, kisha kinawasha mashine kwenye mfumo mdogo wa muda ambao kazi yake ni moja tu: kung'oa za zamani na kuweka mpya.

Nilipanga kufanya majaribio nyumbani Jumapili tarehe 12 Mei 2024, kwenye nakala ndogo. Siku hiyohiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa ya kutambaa. Mimi nakaa Nyali, ambako waya wa LION2 unatokea baharini, karibu niusikie ukipumua, na nilikuwa natazama pakeji ya megabaiti tatu ikishuka kwa dakika kumi. Nikazima, nikaenda Kongowea kununua samaki.

Nafasi ya pili ikaja na Idi ya kuchinja. Waliofuata mwezi wa Saudia walisali Jumapili tarehe 16 Juni, sisi wengine Jumatatu tarehe 17, ambayo ndiyo iliyokuwa sikukuu ya serikali. Mama alisema duka litafungwa Jumapili saa tatu usiku na kufunguliwa Jumanne saa mbili asubuhi. Saa thelathini na tano. Nikaomba funguo. Akanitazama. "Utaivunja?" "Hapana Mama, nitaisafisha tu." Uongo mdogo huo, Mungu anisamehe.

Jumapili usiku nikaingia na mkoba: diski mpya ya SSD ya terabaiti moja, kibodi, skrini, thamosi ya kahawa na betri mpya ya UPS. Betri hiyo niliinunua kwa sababu stima ikipotea katikati ya kung'oa pakeji huna CentOS wala Alma, una chuma. (Stima haikupotea hata sekunde moja siku zote mbili. Nilihisi kama nimeibiwa pesa ya betri.)

Kitu cha kwanza ni bekapu. Nilikuwa na skripti inayopiga nakala ya databesi kila usiku saa nane, inaikandamiza, inaiweka kwenye diski ya nje, inafuta zilizozidi siku thelathini, kisha inanitumia barua pepe: bekapu imekamilika. Kila asubuhi kwa miaka nimeiona barua hiyo na kuifuta. Nikasema hebu niilinganishe ya jana na nakala mpya nitakayoipiga sasa hivi. Nikaorodhesha folda.

Faili thelathini. Kila moja baiti 20.

Ukitaka kujua baiti 20 ni nini: ukikandamiza utupu kwa gzip, yaani usiipe kitu chochote, inakupa faili la baiti 20. Ni bahasha iliyofungwa vizuri na ndani hamna barua.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikarudi nyuma kichwani hadi nikafika Aprili 2023, karani mmoja alipoacha kazi na mimi, kwa uangalifu wangu mwingi, nikabadilisha neno la siri la databesi. Kwenye programu ya stoku nililibadilisha. Kwenye skripti ya bekapu sikulibadilisha. Kuanzia usiku ule mysqldump ilikuwa inagonga mlango, inakataliwa, inanyamaza, na gzip inakandamiza ukimya wake. Kwa nini sikupata taarifa ya kosa? Kwa sababu nilikuwa nimeunganisha amri mbili kwa bomba, na kwenye bash, usipoiambia vingine, jibu la bomba zima ni jibu la amri ya mwisho. Gzip ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ikajibu sifuri, na sifuri maana yake salama. Mstari mmoja, `set -o pipefail`, ungeniokoa. Sikuuweka. Na zile bekapu nzuri za kabla ya Aprili skripti yangu mwenyewe ilikwisha kuzifuta, siku thelathini baada ya siku thelathini, kwa utiifu.

Miezi kumi na minne. Ikiwa mwizi angeibeba mashine ile, au paa lingevuja kwenye mvua za Mei, hakuna kitu kingebaki.

Nikapiga nakala kwa mkono. Ikatoka. Nikaifungua, nikaipakia kwenye laptopu yangu, nikahesabu rekodi za madeni pande zote mbili, zikalingana. Hapo ndipo nilipokumbuka kuiuliza diski yenyewe hali yake kwa smartctl, kitu ambacho ningepaswa kukifanya kila mwezi. Sekta nane zinasubiri, yaani zimegoma kusomeka. Diski ya miaka tisa ilikuwa imeanza kufa, na bekapu zilikuwa bahasha tupu. Kahawa ilinishinda.

Nikazima mashine, nikanakili diski nzima kwenda kwenye SSD kwa ddrescue badala ya dd, kwa sababu dd ikikutana na sekta mbovu inakata tamaa lakini ddrescue inaruka, inaendelea, kisha inarudi kujaribu tena. Sekta zile nane hazikupona. Nilipotafuta zilikuwa za faili gani nikakuta logi ya zamani ya printa, faili ambalo hakuna binadamu angelisoma. Nikaitoa diski ya zamani, nikaiandika tarehe kwa kalamu nene, nikaifunga kwenye bahasha ya kaki. Kuanzia hapo nilikuwa nacheza na nakala. Kama unataka kugeuza seva na huna uwezo wa kufanya hatua hii, usianze.

Nikaenda kulala saa tisa usiku. Asubuhi swala, biriani kwa dada yangu, watoto wakiomba idi yao, na mimi nimekaa pale akili iko chini ya ngazi. Saa saba mchana nikarudi dukani kwa tuktuk nikiwa na kanzu.

ELevate yenyewe, baada ya yote hayo, ilikuwa ya kistaarabu. Amri ya `leapp preupgrade` ikaniletea vikwazo vitatu. Kimoja ni kipande cha kerneli kiitwacho pata_acpi, cha diski za zamani, ambacho toleo la 8 halina tena, nikakiondoa kwa rmmod. Kingine ni SSH kutotaja wazi kama root anaruhusiwa kuingia, nikaandika wazi. Cha tatu kilikuwa swali la ndiyo au hapana kuhusu moduli ya kadi za utambulisho ambayo sijawahi kuitumia maishani, nikajibu ndiyo, iondoe. Ripoti ikawa safi. Nikatoa `leapp upgrade`, pakeji zikashuka, nikawasha upya.

Hapo lazima uwe na skrini mbele yako. Kwa karibu nusu saa SSH haipo na mtandao haupo, kuna maandishi meupe tu yanayopita. Mtu anayefanya hivi akiwa mbali na mashine ana moyo kuliko mimi. Ikajiwasha tena yenyewe, ikapanga lebo za SELinux upya, ikajiwasha mara nyingine. Nikaingia, nikasoma /etc/redhat-release: AlmaLinux release 8.10 (Cerulean Leopard). Matoleo yao mengi wanayapa jina la paka wa porini na rangi. Huyu ni chui wa buluu. Nikamsalimia kwa sauti. Askari wa mlangoni akauliza kama kuna mtu ndani pamoja nami.

Sherehe ilidumu mpaka nilipofungua programu ya stoku. Ukurasa mweupe. Logi: mysql_connect haijulikani.

Na hili nalo ni langu. Zile kazi za PHP zenye jina la mysql peke yake zilitangazwa kuwa za kizamani mwaka 2013, PHP 5.5 ilipotoka, na zikaondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015. Mimi nilikuwa nimeandika programu hii mwaka huohuo wa 2015 kwa mazoea ya chuoni, na CentOS 7 yenye PHP 5.4 ikanifichia. Ndiyo hatari ya distro ya miaka kumi: hulali tu, unalazwa. Amri zile zilikuwa zimetapakaa kwenye mafaili zaidi ya mia moja na saa ilikuwa kumi na moja jioni.

Nilichofanya si kizuri. Niliandika faili moja dogo linalotengeneza mysql_connect, mysql_query na wenzake kwa majina yaleyale, lakini ndani zinaita mysqli, nikaiagiza PHP ilisome kabla ya kila ukurasa kwa auto_prepend_file. Bandeji. Ukurasa ukafunguka. MariaDB sikuiamini iruke kutoka 5.5 hadi 10.3 na mafaili yake ya zamani, nikaanza na folda tupu na kupakia ile nakala ya Jumapili. Hesabu ya madeni ikalingana tena. Skripti ya msimbo pau ikalalamika hakuna python, kwa kuwa toleo la 8 halina amri yenye jina hilo tupu, mpaka uchague mwenyewe kwa `alternatives`, nikaielekeza kwenye python2. Printa ya lebo ikachapa mara ya kwanza, na mpaka leo sijui kwa nini.

Nilitoka saa nne usiku. Mbele ya Kengeleni nikasimamisha tuktuk nikanunua mishkaki. Niliwaza jambo moja tu: niseme au nisiseme. Seva inafanya kazi. Bekapu sasa ni nzima. Hakuna aliyepoteza kitu. Mama hatajua kamwe.

Jumanne saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni. Shikamoo, marahaba, Idi mubarak. Nikamwambia yote, na baiti 20 nikamweleza kwa mfano wa bahasha. Alisikiliza huku anapanga visanduku vya insulini kwenye friji.

"Kwa hivyo miezi yote hiyo kama imeibiwa, hatuna kitu."

"Hatuna kitu, Mama."

"Na wewe ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui."

"Hilo ndilo baya zaidi, mwanangu. Ungejua ukanificha ningekukasirikia tu."

Akafungua droo chini ya kaunta akatoa daftari la jalada gumu. Madeni. Ameandika kwa mkono tangu siku niliyomletea kompyuta. Si yote, wale wakubwa tu na wale wazee ambao dozi zao hataki zikosewe. Nikalifungua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa juzi. Sikujua nicheke au nikasirike.

Hakunifukuza, lakini aliweka sharti. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naenda na laptopu ya zamani isiyo na kitu, naipakia bekapu ya usiku uliopita mbele yake, na yeye anachagua jina lolote kwenye daftari anauliza: huyu anadaiwa ngapi? Nikijibu sawa, napata chai na mahamri. Siku ya kwanza alichagua marehemu mmoja ambaye deni lake alilisamehe mwaka 2019, kunipima. Ilikuwa sifuri. Ilikuwa sawa.

Bandeji ya PHP niliiondoa Desemba 2024, baada ya kuandika upya faili baada ya faili. AlmaLinux 8 itapata viraka vya usalama mpaka 2029. Nimeanza kumwekea Mama akiba kidogo kidogo kwenye ankara zangu, kwa idhini yake, ya mashine ya pili. Nitaijenga pembeni.